Maji ya ningu na maji ya mpunga: njia nne za kugawana mto, na ipi inafaa wapi

Mvua za kwanza zikinyesha milimani na maji ya mto yakabadilika rangi, ningu, samaki wa Ziwa Viktoria, huondoka ziwani na kuanza kupanda mito: Mara, Nzoia, Yala, Nyando, Sondu-Miriu, Kagera. Anachotafuta ni majani yaliyofunikwa na mafuriko. Hutaga humo, na vifaranga hukulia kwenye maji yaliyotanda pembeni hadi mto unapoanza kujirudisha kwenye kingo zake. Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita samaki huyu, Labeo victorianus kwa jina la kitaalamu, alikuwa kitoweo na biashara ya vijiji vingi vya kando ya mito hiyo. Leo yumo kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Mito hiyohiyo ina watu wanaoitegemea kwa kibali halali. Mpunga wa Ahero hunyweshwa na Nyando, wa Bunyala hunyweshwa na Nzoia. Sondu-Miriu inazalisha umeme. Mara inamwagilia mashamba upande wa Kenya kabla ya kuvuka Serengeti na kuingia ziwani karibu na Musoma. Hakuna mwizi hapo. Mkulima wa Ahero akitaka kupanua shamba, au kijiji cha juu ambacho hakijawahi kuwa na mfereji kikaomba cha kwanza, ombi lake ni la haki sawa na la aliyemtangulia.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya mjumbe wa jumuiya ya watumia maji, mwenyekiti wa skimu ya umwagiliaji, diwani, au ofisa wa bonde aliyewekewa swali hili mezani: tutaacha maji ya samaki kwa njia gani bila kuua haki ya watu kuendeleza maji yao? Njia kubwa ni nne. Ya tano nitaigusa kwa ufupi.

Vigezo nilivyotumia

Kila njia nimeipima kwa maswali manne. Inalinda nini hasa: kiasi cha maji peke yake, au na wakati wake pia? Mwenye kibali, na yule ambaye bado hajapata, wanabaki na nini mkononi? Nani atapima, na nani atafunga banio, yaani kizuizi cha mtoni kinachoelekeza maji mferejini? Na mwaka wa ukame hali inakuwaje?

Swali la kwanza nimelipa uzito zaidi. Mikutano mingi ya maji huanza kwa kuuliza samaki anahitaji kiasi gani, na hapo ugomvi huwaka, kwa kuwa kila lita anayopewa samaki huonekana imetolewa shambani. Ila samaki na mkulima hawagombanii maji yaleyale mwaka mzima. Wakati wa masika ningu anataka mafuriko, na mkulima wakati huo ana mvua juu ya shamba lake. Kiangazi mkulima ana shida kubwa ya maji, na samaki anachohitaji ni madimbwi yenye kina, yanayounganika na yenye hewa. Ugomvi wa kweli uko kwenye wiki chache za kiangazi, na mahali penye bwawa linaloteka mafuriko. Ukijua wiki hizo ni zipi kwenye mto wako, nusu ya uchaguzi umeshaufanya.

Njia ya kwanza: kima cha chini

Hii ndiyo njia kongwe na inayoeleweka haraka kuliko zote. Mto usishuke chini ya lita kadhaa kwa sekunde. Ukifikia hapo, mabanio yafungwe.

Inacholinda ni uhai wa kiangazi. Madimbwi hayakatiki, maji hayachemki kwa jua, samaki hawafi kwa kukosa hewa. Kisicholindwa ni mafuriko. Mto unaweza kutimiza kima chake siku zote 365 na ningu asipate hata jani moja lililofurika la kutagia, kwa sababu bwawa la juu limeyateka maji yote ya masika na kuyatoa kidogokidogo kwa usawa ule ule mwaka mzima. Kanuni za maji za Kenya za mwaka 2007 zilisema akiba ya mto, yaani maji ya kuachwa mtoni, isipungue kiasi ambacho mto wa asili hukifikia au kukizidi kwa asilimia 95 ya muda. Hicho ni kiasi cha kiangazi kikali. Ni sakafu nzuri, lakini ni sakafu tu. Kanuni hizohizo zilikuwa na jambo lingine la busara ambalo halizungumzwi vya kutosha: zilimtaka mwenye kumwagilia ategemee maji ya mafuriko na awe na hifadhi ya kumfikisha siku 90. Yaani zilimhamisha mkulima kutoka kwenye wiki za ugomvi. Shida ni kwamba mwenye ekari mbili hana uwezo wa kuchimba bwawa la siku 90 peke yake.

Kwa mwenye kibali, njia hii ina faida ya uhakika: anajua namba. Nguvu ya namba hiyo inategemea sheria inaipa nafasi ya ngapi kwenye foleni. Jimbo la Colorado huko Marekani lilipitisha sheria mwaka 1973 inayoruhusu jimbo lenyewe kuwa na haki ya maji kwa ajili ya mto. Lakini huko aliyetangulia kuchota ndiye wa kwanza kupata, kwa hiyo mfereji wa miaka ya 1880 unasimama mbele ya samaki wa 1973. Wakulima wa zamani hawakupoteza kitu, na samaki hupata yanayosalia. Tanzania imeweka foleni tofauti. Sheria ya usimamizi wa rasilimali za maji ya mwaka 2009 inatanguliza matumizi ya nyumbani, kisha akiba ya mazingira, ndipo yaje kilimo, umeme na mengineyo. Kwa maandishi, mto wa Tanzania umelindwa kuliko wa Colorado. Kinachopungua ni mtu wa kusoma kipimo cha mto Jumapili alfajiri, na mwingine wa kwenda kufunga banio la jirani yake.

Mto Ruaha Mkuu, nchini Tanzania, ndio unaoniuma zaidi kila nikifikiria njia hii. Tangu mapema miaka ya 1990 mto huo umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi ya taifa, chini ya mashamba ya mpunga ya Usangu. Mwaka 2001 serikali iliahidi kwamba ifikapo 2010 utatiririka mwaka mzima. Hicho kilikuwa kima cha chini kabisa kinachowezekana, yaani maji yasikatike. Mwaka 2010 ulifika na mto ukaendelea kukauka, kwa sababu mabanio ni mengi, yametawanyika, na hakuna hata moja ambalo likifungwa peke yake litaonyesha tofauti kule chini.

Korongo la Kihansi, Tanzania, nalo lina la kufundisha, ingawa aliyeathirika ni chura. Kituo cha umeme cha megawati 180 kilipoanza kazi mwaka 2000, maji ya korongo yalipungua kwa takriban asilimia 90. Kiasi kidogo kiliachwa na mabomba ya kunyunyiza yakafungwa ili kuiga ukungu wa maporomoko. Chura wa Kihansi alitoweka porini, akabaki kwenye vyumba vya kufugia nchini Marekani. Pale kima kilipangwa baada ya mtambo kujengwa, kikaishia kuwa juhudi ya uokoaji.

Njia hii inamfaa mwenye mto ulio na banio moja au mawili makubwa, kituo cha kupimia kinachofanya kazi, na tatizo lililo kiangazi tu.

Njia ya pili: gawio la sehemu

Hapa hakuna namba ya lita. Kuna sehemu: katika kila sehemu kumi za maji yanayofika banioni, kadhaa ziingie mferejini, zilizobaki ziteremke.

Umuhimu wake nimeuona vizuri kupitia historia ya Usangu. Mabanio ya zamani yalikuwa ya miti, mawe na majani, na yalivuja. Kuvuja kule ndiko kulikokuwa kunamfikishia maji wa chini. Miradi ya kuboresha skimu ilipojenga mabanio ya zege, mvujo ukaisha. Vibali viliandikwa kwa lita kwa sekunde kwa kuangalia mto wa masika, na kiangazi mto mzima ukawa mdogo kuliko kibali cha skimu moja. Mwenye banio la juu alichukua yote bila kuvunja sheria yoyote. Watafiti waliofanya kazi huko walipendekeza mgawanyo wa namna mbili: masika kibali kiwe na kikomo cha lita, na kiangazi kiwe sehemu ya kilichopo.

Njia hii inalinda umbo la mto. Mafuriko yanabaki mafuriko, yakiwa yamepunguzwa kidogo, na ningu anaisikia ishara ya kupanda kama alivyoisikia tangu zamani. Mwaka 2012 Brian Richter na wenzake walipendekeza kwamba mahali ambapo utafiti bado haujafanyika, kubadili mtiririko wa siku kwa asilimia isiyozidi 10 kunaupa mto ulinzi mkubwa, na hadi asilimia 20 ulinzi wa kadiri. Kwa bonde lenye skimu nyingi hizo ni asilimia ndogo mno, na mkulima atakwambia hivyo kabla hujamaliza sentensi. Zichukue kama mahali pa kuanzia mazungumzo.

Mwenye kibali hapa anakubali kubeba sehemu ya ukame pamoja na wenzake. Hatari yake inakuwa ya pamoja, na hilo watu waliozoea zamu wanalielewa. Kilimanjaro, ambako mifongo, yaani mifereji ya asili, imegawanwa kwa zamu kwa vizazi vingi, huhitaji kumweleza mtu maana ya sehemu. Ila mwekezaji anayekopa benki kwa ajili ya shamba kubwa atataka namba, na sehemu haimpi namba. Mgeni kwenye mto naye anapata jibu la wazi: ama kuna sehemu isiyo na mwenyewe, ama wenyewe wapunguze zao.

Katika kupima, hakuna njia rahisi kuliko hii. Kizingiti cha zege kilichojengwa vizuri kinagawa chenyewe usiku na mchana, na mtu yeyote anayepita anaona kama kimechezewa. Kinachoivuruga ni pampu. Pampu huvuta kiasi kilekile mto ukijaa na mto ukipungua, na mito yetu inazidi kupata pampu kila mwaka.

Mwaka wa ukame ndio udhaifu wake. Sehemu ya maji kidogo ni kidogo zaidi, na siku itafika ambapo sehemu ya samaki haitoshi hata kuunganisha madimbwi. Ndiyo maana gawio likiachwa bila sakafu ya kima cha chini naliona halijakamilika.

Inawafaa wenye mito midogo na ya kati, mabanio mengi ya mfereji, vipimo vichache, na jamii ambayo tayari ina utaratibu wa zamu.

Njia ya tatu: akiba inayofuata misimu

Afrika Kusini ndiyo iliyoipa njia hii mwili wa kisheria, kupitia sheria yake ya maji ya mwaka 1998. Akiba ina pande mbili: maji ya mahitaji ya lazima ya binadamu, yanayohesabiwa kwa lita 25 kwa mtu kwa siku, na maji ya kuuweka mto hai. Haki nyingine zote huanza baada ya hizo mbili. Kenya na Tanzania ziliingiza wazo hilo katika sheria zao.

Namna ya kuipanga ni kuwakalisha pamoja wataalamu wa samaki, mimea, umbo la mto na vipimo vya maji, pamoja na watu wanaoishi na mto. Kila mmoja hutaja anachohitaji na mwezi wake. Kwanza msingi wa kiangazi. Kisha mafuriko madogo ya mwanzo wa mvua, yanayosafisha changarawe na kumwambia samaki apande. Kisha mafuriko makubwa ya kufunika kingo, na muda yatakaodumu ili vifaranga visiachwe kwenye tope. Jackie King wa Afrika Kusini, mmoja wa walioijenga kazi hii, alitunukiwa Tuzo ya Maji ya Stockholm mwaka 2019. Mkono wake umefika pia Mto Pangani wa Tanzania, ambako bodi ya bonde ilishirikiana na shirika la uhifadhi la IUCN kuonyesha mto utakuwaje ukitanguliza umeme, ukitanguliza umwagiliaji, au ukitanguliza mazingira. Naipenda namna ile ya kuweka mambo mezani. Watu hubishana vizuri zaidi wakiwa na picha za mito mitatu inayowezekana mbele yao, kuliko wakiwa na namba moja iliyoletwa na mtaalamu.

Kwa ningu, hii ndiyo njia inayomfikia alipo, kwa sababu inataja mafuriko kwa jina na mwezi. Mto Mara ulifanyiwa kazi hiyo chini ya Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria na shirika la uhifadhi la WWF. Kilichojitokeza kinafanana na ambacho mkulima wa Mara angekisema mwenyewe: mwaka wa kawaida maji yanatosha akiba na matumizi, na mwaka wa ukame ndipo mto unapoelemewa. Kuna jambo la Mara ambalo huwezi kuliona kwa lita peke yake. Viboko zaidi ya 4,000 hushinda kwenye madimbwi yake, na kinyesi chao hujilimbikiza maji yakiwa madogo. Mvua ikija ghafla baada ya kiangazi kirefu, maji hayo yasiyo na hewa husukumwa chini na kuua samaki. Kadiri maji ya kiangazi yanavyopungua, ndivyo sumu hiyo inavyozidi. Uhusiano wa namna hiyo hauingii kwenye kima cha mwaka mzima, ila kwenye akiba ya misimu una nafasi yake.

Haki ya kuendeleza maji inapata nini? Hapa ndipo inapoandikwa kwa uwazi zaidi kuliko njia nyingine. Ukishajua akiba ya kila mwezi, kilichobaki kinajulikana kila mwezi, na bodi inaweza kumwambia mwombaji bila kumdanganya: kiangazi hakuna, Aprili yapo, jenga hifadhi. Kwa mto unaovuka mpaka ni muhimu zaidi. Kenya iko juu, Tanzania iko chini, na nchi zote mbili zina mipango ya mabwawa. Akiba iliyokubalika inampa wa chini kitu cha kudai na inampa wa juu kikomo cha anachoweza kudaiwa.

Wenye vibali vya sasa wana sababu ya kuiogopa. Utafiti unaweza kuonyesha kwamba mto ulishagawiwa kupita uwezo wake, na hapo lazima kuna atakayepunguziwa. Wasiambiwe vinginevyo mwanzoni. Gharama nayo ni kubwa, kazi ni ya miaka, na Afrika Kusini yenyewe, yenye sheria tangu 1998 na wataalamu wengi, ina mito ambayo akiba yake bado haifikiwi. Tena, pasipo bwawa hakuna wa kuamuru mafuriko. Unachoweza kufanya ni kuzuia yasitekwe. Kwa mto ambao bado haujazibwa, hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika.

Inafaa kwa mto mkubwa, wa nchi mbili, au ambao bwawa lake bado liko kwenye karatasi.

Njia ya nne: mapatano ya kufungulia mabwawa

Hii imefanyiwa kazi kwa muda mrefu kwenye Mto Colorado wa juu, na nitakaa hapo kidogo, kwa sababu waliokaa mezani walikuwa mahasimu hasa.

Upande mmoja kulikuwa na sheria ya Marekani ya mwaka 1973 ya kulinda viumbe vilivyo hatarini, na samaki wanne wa mto huo: Colorado pikeminnow, razorback sucker, humpback chub na bonytail. Pikeminnow anaweza kufikia karibu mita 1.8, na husafiri mamia ya kilomita kwenda kuzaliana. Upande wa pili kulikuwa na mkataba wa 1922 uliogawa mto kati ya majimbo ya juu na majimbo ya chini. Majimbo ya juu yalikuwa hayajatumia fungu lake lote, na yalihofu kwamba kila tone atakaloachiwa samaki litakuwa haki iliyopotea milele kwa watu wa chini. Kila mradi mpya wa maji ulilazimika kujieleza peke yake mbele ya wahifadhi wa serikali kuu.

Mwaka 1988 walikubaliana: Colorado, Utah, Wyoming, serikali kuu, wenye maji, kampuni za umeme na wahifadhi. Badala ya kila mradi kushitakiwa kivyake, kutakuwa na mpango mmoja wa kuwarejesha samaki, na mpango huo ukionyesha maendeleo, miradi itaendelea. Mfano unaoonyesha vizuri ni kipande cha kilomita 24 karibu na Grand Junction, ambako mifereji ya bonde la matunda huchukua maji mengi kiasi kwamba mwisho wa kiangazi mto hubaki mwembamba. Uamuzi wa mwaka 1999 ulikubali matumizi yaliyokuwepo, takriban mita za ujazo bilioni 1.2 kwa mwaka, na kuacha nafasi ya nyongeza ya milioni 148 hivi kwa maendeleo mapya. Haki ya kuendeleza iliandikwa kwa namba, ndani ya hati ileile ya kulinda samaki.

Kwa upande wao, wenye maji walitoa vitu vinavyoonekana. Mabwawa ya juu huachia takriban mita za ujazo milioni 13 kila mwaka kwa ajili ya kipande kile. Mifereji iliwekewa milango ya kurekebisha usawa ili maji yaliyokuwa yakiingia bure na kumwagika mwisho wa mfereji yabaki mtoni. Ngazi za samaki zilijengwa kwenye mabanio, na nyavu zikawekwa midomoni mwa mifereji samaki wasiingie mashambani. Kiangazi, wasimamizi wa mabwawa, wakulima na wataalamu wa samaki huzungumza kwa simu kila wiki na kuamua nani afungulie kiasi gani.

Bwawa la Flaming Gorge, kwenye Mto Green, ndilo lililonishawishi kwamba wakati una uzito kuliko wingi. Zamani maji mengi yaliachiliwa kwa kufuata kilele cha mafuriko ya theluji. Kuanzia 2012 wakaanza kusubiri: wataalamu hutega mtoni, na vifaranga vya razorback vikionekana, ndipo lango linafunguliwa ili mafuriko yavibebe hadi kwenye madimbwi ya pembeni. Bwawa ni lilelile, ila vifaranga vinafika kwenye malisho. Nikisoma habari hiyo huwa namfikiria ningu, na mvuvi mzee wa mtoni ambaye angeweza kusema siku ya kwanza ya kupanda bila kifaa chochote.

Matokeo si ya sherehe kamili. Humpback chub alitolewa mwaka 2021 kwenye daraja la walio hatarini zaidi na kuwekwa kwenye daraja la chini yake. Bonytail bado anategemea samaki wanaofugwa na kuachiliwa. Gharama imeendelea kwa zaidi ya miaka 35, ikibebwa na fedha za serikali kuu, majimbo na mapato ya umeme. Na yote haya yanawezekana kwa sababu juu ya mto kuna mabwawa ya kufungulia. Mwaka wa ukame ndipo mapatano yanapong'ara kuliko njia nyingine, maana kuna maji yaliyowekwa na kuna simu ya kupiga. Ukame ukifuatana miaka mitatu, akiba ya bwawa nayo huisha.

Inafaa mahali penye mabwawa yanayomilikiwa na watu wachache wanaoweza kukaa meza moja, na mfuko wa fedha wa kudumu. Kwetu nafikiria Nyumba ya Mungu kwenye Pangani, lililo juu ya Hale na Maporomoko ya Pangani. Maji yake yanapita kwenye mitambo hata hivyo, kwa hiyo swali la kuzungumza ni siku na saa za kuyafungulia.

Kununua maji

Australia ilichukua njia ya soko. Kwenye bonde la Murray-Darling haki ya maji imetenganishwa na ardhi, inauzwa na kununuliwa, na serikali ilinunua haki hizo kwa wakulima walioridhia ili maji yabaki mtoni. Mpango wa bonde wa mwaka 2012 ulilenga kurudisha gigalita 2,750 kwa mwaka (gigalita moja ni lita bilioni moja). Muuzaji analipwa, na hilo ni haki kwake. Mji unaobaki na wakulima wachache haulipwi, na huko ndiko malalamiko yalikotoka. Hata baada ya fedha hizo zote, samaki walikufa kwa wingi Menindee mwanzoni mwa 2019 na tena mwaka 2023. Sikuiweka sambamba na nyingine kwa sababu Kenya na Tanzania maji ni mali ya umma na kibali ni ruhusa ya kutumia. Soko la namna hiyo lingehitaji kwanza vibali vilivyopimwa na kusajiliwa vyote, na hapo bado hatujafika.

Kabla ya kuchagua

Ningu hakumalizwa na mifereji. Pigo lake kubwa lilikuwa nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito wakati wa kupanda, zikiwakamata majike wakiwa na mayai. Colorado nako samaki wa kigeni, hasa smallmouth bass na northern pike, hula vifaranga hata maji yakiwa ya kutosha. Ukimwomba mkulima aache maji huku nyavu zimeziba mlango wa mto, unamtoza kwa kosa la mwingine, na atajua. Mpango wa maji uende pamoja na msimu wa kufunga uvuvi mlangoni.

Kwa hali yako

Mto wako ni mdogo, mabanio ni ya mfereji na watu wanapeana zamu: anza na gawio la sehemu, na mkubaliane kima kimoja cha kiangazi ambacho chini yake kila mtu anafunga, wa juu akitangulia.

Mto una mtumiaji mmoja mkubwa na jamii ndogo chini yake: kima cha chini kilichoandikwa ndani ya kibali chake, na kipimo ambacho watu wa chini wanaweza kukisoma wenyewe bila kuomba ruhusa.

Bwawa linapangwa na bado halijajengwa: dai akiba ya misimu sasa. Lango la chini linaloweza kutoa mafuriko lazima lichorwe kwenye ramani ya ujenzi. Kuliongeza baada ya ukuta kusimama ni ghali mno, na mara nyingi haliwezekani.

Bwawa lipo tayari: usianze kwa kudai maji zaidi. Omba ratiba ya kufungulia ya miaka iliyopita, iweke kando ya miezi ya kuzaliana, na tafuta siku ambazo maji yaleyale yangeweza kushuka kwa namna nyingine bila kupunguza umeme sana.

Mto unavuka mpaka: akiba ya misimu, hata ikichukua miaka. Wakati mnaisubiri, wekeni kima cha muda mpakani.

Kijiji chenu hakijawahi kuwa na kibali na mnaogopa kwamba samaki atatajwa kama sababu ya kuwanyima: ingieni kwenye mazungumzo mapema, na dai fungu la maendeleo ya baadaye liandikwe kwa namba kwenye hati ileile, kama walivyofanya Colorado mwaka 1999.

Na kama hamna vipimo vyovyote, chomekeni rula ya mto chini ya banio la mwisho kiangazi hiki. Mtu mmoja aisome kila asubuhi na kuandika kwenye daftari. Kisha nendeni kwa wazee wa uvuvi mkawaulize ningu alikuwa akipanda mwezi gani, na mto ukiwa umefika wapi kwenye mti upi.